Wacheni kuniambia "itakuwa kama 1997"

Kila mwaka ikifika Septemba, TikTok ya Voi inageuka kuwa idara ya hali ya hewa. Msee anachukua klipu ya zamani ya daraja likibebwa na maji, anaweka muziki wa kutisha, anaandika: "El Niño inakuja, itakuwa kama 1997." Kufika jioni imeingia WhatsApp ya familia, na mjomba wangu kule Ndara ananipigia simu. "Wewe mtoto wa intaneti, hii ni kweli?"

Mjomba haulizi kwa udaku. Ana vipande viwili vya shamba. Kimoja kiko juu, mchanga mwekundu ule wa kwetu unaokauka ukigeuka tu. Kingine kiko chini kando ya luga, udongo mzuri, unashika maji. Vuli ikiwa ya wastani, kile cha chini ndicho kinalisha watu. Ikizidi, luga inashuka na kila kitu. Kwa hivyo "kama 1997 ama si kama 1997" kwake ni swali la mbegu, na mbegu za ndengu hazipewi bure.

2015 aliambiwa itakuwa kama 1997. Redio ilisema, watu sokoni walisema, serikali ikatangaza mabilioni ya maandalizi. Mjomba akaacha kipande cha chini bila kupanda. Luga haikushuka. Jirani yake ambaye hakuskiza mtu alivuna ndengu hapo chini na akajengea choo cha mawe, na mpaka leo mjomba akipita hapo anaangalia upande mwingine.

2019 hakuna aliyetaja El Niño. Mjomba, akiwa bado na uchungu wa ile choo, akapanda chini kote. Mvua ikaja haikatiki, na luga ikachukua kila kitu pamoja na fensi.

Tangu hapo msimamo wake ni kwamba watu wa hali ya hewa ni waongo. Nyinyi pia mnasema hivyo kwenye komenti zenu kila siku. Mimi siamini walidanganya. Naamini sisi tunasoma nusu ya historia halafu tunailaumu yote.

Kuangalia miaka iliyopita ili ukisie msimu unaokuja ni kitu halali kabisa. Wataalamu wenyewe wanafanya hivyo: unatafuta miaka ambayo bahari ilikuwa na joto linalofanana na la sasa, unaangalia mvua ilifanya nini. Shida ni bahari gani. El Niño ni joto la Pasifiki, mbali huko karibu na Peru. Lakini mvua yetu ya Oktoba hadi Desemba inaletwa na upepo unaopita juu ya Bahari ya Hindi, hii hii ya Mombasa. Kuna miaka maji ya upande wetu wa Afrika yanapata joto na yale ya upande wa Sumatra yanapoa, basi upepo unasukuma unyevu kuja huku. Wanaiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Na hapa ndipo niliposhangaa: jina hilo liliingia kwenye sayansi 1999. Yaani ile mvua ya 1997 ilitupiga kabla hata kitu kilichoipa nguvu hakijapata jina. Tukabaki na jina moja tu mdomoni, El Niño, na bado tumelishikilia.

Sasa rudi kwa miaka ya mjomba. 1997 bahari zote mbili zilikuwa zimewaka. 2015 Pasifiki ilikuwa moto kweli kweli, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imejipanga kidogo tu. Ilinyesha, na kuna sehemu za Kenya watu walikufa, lakini haikuwa 1997. 2019 El Niño ilikuwa imeshapoa, ila daipoli ilikuwa kati ya zile kali zaidi zilizowahi kupimwa. Huo ndio mwaka ardhi iliporomoka Pokot Magharibi mwezi wa Novemba. Kama unataka pacha wa 2019, usiende 1997. Nenda 1961, mwaka ambao pia haukuwa na El Niño ya maana, lakini mvua yake ilianza kupandisha Ziwa Victoria mpaka kina kikaongezeka zaidi ya mita moja.

Si sisi tu tunaochomwa na hii hesabu. Huko New York watu hukisia theluji ya jiji lao kwa njia hiyo hiyo, wakiangalia kama ni mwaka wa El Niño ama La Niña. Desemba 2015, El Niño ile ile iliyomtisha mjomba, walikuwa na joto la ajabu, watu wakitembea bila koti. Ungesema theluji imeisha. Januari 2016 dhoruba moja ikamwaga karibu sentimita 70 pale Central Park, nyingi kuliko dhoruba yoyote iliyokuwa imerekodiwa hapo. Msimu kwa jumla ulikuwa wa joto, kama walivyotarajia. Wikendi moja ilikataa.

Na hesabu yenyewe ina watu wachache. Miaka yenye El Niño kali kweli tangu 1970 unaihesabu kwa mkono mmoja: 1972, 1982, 1997, 2015, 2023. Ungekuwa timu ya mpira, ungekubali kuchagua kocha kwa mechi tano? Tena uwanja wenyewe umebadilika, ju Bahari ya Hindi imeendelea kupata joto tangu hizo enzi.

Ndiyo maana utabiri wa vuli unatoka na asilimia. Wataalamu wa ICPAC pale Ngong na wa Idara ya Hali ya Hewa wakisema kuna nafasi ya asilimia 60 ya mvua kuzidi kawaida, wanakuambia wazi kuwa 40 imebaki. Ukichukua misimu kumi kama hiyo, minne haitazidi. Halafu ujumbe unapita kwa mtangazaji, kwa chifu, kwa mwanasiasa, kwa yule msee wa klipu, na kila mmoja anakata kipande. Oktoba 2023 Rais alituambia El Niño ya uharibifu haitakuja, itanyesha tu kuliko kawaida. Kufika Desemba watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini. Mwaka huo, kwa taarifa yako, bahari zote mbili zilikuwa zimewaka tena. Kama kuna mwaka ulistahili kulinganishwa na 1997, ulikuwa huo, na ndio tuliambiwa tutulie.

Kitu kingine kinachonikera: mbona hakuna anayeweka muziki wa kutisha kwa La Niña? Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ilifeli mfululizo. Wizara ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba 2022, na hapa Tsavo hukuhitaji wizara, ulikuwa unasikia harufu ukipita barabarani. Mafuriko yana video nzuri. Ukame hauna, unakaa tu.

Nyanya yangu hajui daipoli na hana haja nayo. Lakini mwulize miaka. Ataitaja kwa njaa zake, kwa mwaka ndovu walikula mpaka paa, kwa mwaka mawingu yalikaa juu ya Kasigau wiki nzima bila kushuka. Yeye ana misimu mingi kichwani kuliko klipu zote za TikTok, na hajawahi kuniambia mwaka fulani utakuwa kama mwingine. Anasema "unafanana kidogo na ule." Hilo neno "kidogo" ndilo ninalolitafuta kwenye posti zenu.

Na tafadhali, hesabu hii ni ya vuli. Masika usiiguse nayo. Mvua ya Machi hadi Mei haiskizi hizi bahari vile vuli inavyoskiza, na wataalamu wenyewe wanahangaika nayo.

Mjomba alipopiga mara ya mwisho nilimsomea haya yote kwa simu, bahari ya huku, bahari ya kule, asilimia. Akanyamaza mpaka nikadhani krediti imeisha. Halafu: "Sasa nipande chini ama nisipande?" Nikamwambia apande chini nusu, ile nusu ya mbali na luga, na mbegu zingine aweke juu. Akasema hiyo angeambiwa hata na jirani yake mwenye choo, akakata simu. Wiki iliyofuata alinitumia picha. Amepanda nusu. Fensi ameihamisha pia, hatua kama ishirini kutoka kwa luga, na hiyo sikuwa nimemwambia.