Zawadi ya Pointi Isituingize Katika Deni

Miongoni mwa maneno yaliyoenea upesi katika maduka ya Kisumu, ni machache yanayopendeza masikioni kama "pointi". Mnunuzi huahidiwa kwamba kila shilingi aitumiayo itamrudishia kitu. Wenye kadi za mkopo za benki huahidiwa tuzo, wenye kadi za maduka huahidiwa punguzo la bei, na wenye simu wamekuwa na Bonga ya Safaricom tangu mwaka 2007. Je, mwalimu na mwanafunzi wazitumieje zawadi hizi pasipo kuingia hasarani?

Nikiwa mwanaisimu, sina budi kuanza na majina. Kufuliza, katika Kiswahili sanifu, ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Jina hilo ndilo iliyopewa huduma iliyoanzishwa Januari 2019, ambayo humwezesha mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo katika M-Pesa. Okoa Jahazi nayo, inayomkopesha mtu muda wa maongezi, imeazima lugha ya mabaharia. Lakini mvuvi wa Dunga anajua kwamba chombo huokolewa siku ya dhoruba, wala si kila asubuhi. Katika majina yote hayo, neno "deni" halimo.

Tupige hesabu. Pointi moja ya Bonga hupatikana kwa kila shilingi 10 za muda wa maongezi. Shilingi 100 huleta pointi 10. Hata tukikadiria kila pointi kwa senti 30, hizo ni shilingi 3 tu. Okoa Jahazi ya shilingi 100 hutozwa asilimia 10, yaani shilingi 10. Mwenye kukopa ili pointi zake ziongezeke ametoa 10 apate 3.

Kadi ya mkopo haina tofauti. Tuchukue mfano wa kadi inayotuza asilimia 1 ya manunuzi na kutoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Manunuzi ya shilingi 5,000 yataleta tuzo ya shilingi 50. Deni hilo likitozwa riba ya mwezi mmoja tu, riba itakuwa shilingi 150.

Sisemi kwamba pointi ni haramu. Aghalabu tuzo hizi hugharimiwa na ada wanazotozwa wafanyabiashara na riba ya wanaochelewa kulipa. Kwa hiyo anayelipa deni lote kwa wakati hufaidi kweli, naye anayechelewa ndiye anayemgharimia mwenzake. Hapo ndipo penye suala la haki: mwenye mshahara wa kutosha hutuzwa kwa jasho la yule asiyefika mwisho wa mwezi.

Kadhalika, pointi si akiba. Itakumbukwa kwamba Nakumatt, iliyokuwa na maduka makubwa hapa Kisumu na kadi yake ya pointi, ilianguka, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Duka likifungwa, pointi zilizobaki katika kadi zitanunua nini?

Kwa maoni yangu, kanuni ni tatu. Kwanza, nunua kile ambacho ungekinunua hata bila tuzo: unga, sabuni, nauli, omena. Pili, lipa deni lote kabla riba haijaanza. Tatu, zitumie pointi mapema, usizirundike.

Mwanafunzi anayetumiwa fedha na wazazi akumbuke pia kwamba, akiwa na deni la Fuliza, fedha zinapoingia katika simu deni hukatwa kwanza. Mzazi hudhani amelipia chakula, kumbe amelipia jana. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga.

Walimu wa hisabati wangeifanya kazi njema wakiwapa wanafunzi hesabu hizi darasani, nao walimu wa Kiswahili wakawauliza maana ya majina yale. Kijana akijua yote mawili, tangazo halitamhadaa kwa urahisi.