Moyo unasikika, lakini mtoto amepunguza kucheza? Usisubiri

Mimba inayokuja baada ya nyingine kuharibika huja na hofu yake. Mama hulala akiwaza na kuamka akishika tumbo, na wiki nne kati ya kliniki moja na nyingine huonekana ndefu kama mwaka. Siku hizi hofu hiyo imepata muuzaji wake. Mtandaoni kuna kifaa kidogo cha betri cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na mjamzito wa Sumbawanga anaweza kukiagiza kwa simu kama anavyoagiza nguo.

Kifaa hicho huitwa dopla. Mama hupaka jeli tumboni, hukipitisha taratibu chini ya kitovu, na akibahatika husikia mapigo ya haraka haraka. Baba naye husogea asikie. Ni furaha ya kweli, na hakuna wa kumlaumu mzazi kwa kuitafuta.

Shida huanza pale kifaa kinapoulizwa swali kisilokiweza. Mama anataka kujua kama mtoto wake yuko salama. Kifaa kinaweza kumwambia tu kwamba kuna kitu kinachopiga kwa wakati huo.

Jina la dopla linatokana na Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria ambaye mwaka 1842 alieleza jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinaposogea. Kifaa hutuma mawimbi ya sauti tumboni, na yakigonga kitu kinachotembea hurudi yamebadilika. Lakini vitu vinavyotembea tumboni ni vingi. Damu hupita kwenye mishipa mikubwa ya mama na kwenye kondo la nyuma, utumbo hujisogeza, na mtoto mwenyewe hujigeuza. Vyote hivyo vina sauti.

Moyo wa mtoto kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wa mama aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Tofauti inaonekana kubwa, lakini mama mwenye homa, aliyepoteza damu au aliyejawa na hofu anaweza kupiga zaidi ya 110. Hapo anaweza kujisikiliza mwenyewe akidhani anamsikia mwanawe.

Hata wataalamu huchukua tahadhari juu ya jambo hili. Kuna dopla ya hospitalini iitwayo Moyo, iliyotengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kufanyiwa utafiti hapa Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara. Kifaa hicho kimewekewa sehemu ya mama kushika kwa vidole ili mapigo yake yapimwe pia, mkunga asije akachanganya moyo wa mama na wa mtoto. Moyo ilikuwa miongoni mwa vifaa vya mpango wa Safer Births uliofanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The New England Journal of Medicine, yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Mafanikio hayo hayakuletwa na kifaa peke yake. Wakunga walifanya mazoezi ya mara kwa mara, walifuatilia takwimu zao, na walikuwa tayari kumsaidia mtoto asiyepumua. Mkunga akisikia mapigo yasiyo ya kawaida, anajua hatua inayofuata. Mama aliye peke yake chumbani saa saba usiku hana hatua hiyo.

Mwaka 2009, madaktari wa Uingereza walieleza katika jarida la BMJ kisa cha mama mwenye mimba ya wiki 38. Alihisi mtoto amepunguza kucheza. Alichukua dopla yake ya nyumbani, akasikia kitu alichoamini ni moyo wa mtoto, akatulia na kuchelewa kwenda hospitali. Alipofika, mtoto alikuwa ameshafariki.

Kisa hicho kinafundisha jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Mtoto asiyepata oksijeni ya kutosha mara nyingi huanza kwa kupunguza kucheza ili kutunza nguvu. Moyo wake unaweza kuendelea kupiga kwa muda. Kwa hiyo kupungua kwa kucheza ndiyo taarifa ya mapema, na kusimama kwa moyo ni taarifa iliyochelewa. Anayesubiri moyo umwambie amepitwa na onyo la kwanza.

Kifaa hicho pia kinaweza kumtesa mama ambaye mtoto wake ni mzima. Mimba ikiwa changa, mtoto akiwa amegeuka, au kondo la nyuma likiwa limekaa mbele, mapigo hupatikana kwa shida hata kwa mtu aliyesomea. Mama asiyeyapata hupagawa, hujaribu tena baada ya saa moja, kisha tena alfajiri. Akiyapata, utulivu wake hudumu dakika chache tu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2014 dhidi ya kutumia vifaa hivi nyumbani bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu mawimbi yake huweza kupasha joto kidogo sehemu yanakopita na hakuna anayedhibiti mara ngapi yanatumika. Programu za simu zinazodai kusikiliza moyo wa mtoto kwa kuweka simu tumboni ni za kuaminiwa kidogo zaidi, maana simu haina chombo cha kutuma mawimbi hayo.

Kipimo bora cha nyumbani hakiuzwi. Ni mama kumjua mtoto wake anavyocheza. Wengi huanza kuhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na 24, na mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Kufikia wiki ya 28 mtoto huwa na mazoea yake. Mmoja hucheza sana mama akilala, mwingine baada ya chakula cha jioni. Hakuna idadi moja inayowafaa watoto wote. Kinachotakiwa kumshtua mama ni mabadiliko: mtoto aliyezoea kucheza akapunguza, au akaacha kabisa.

Yapo maneno ya mtaani yanayochelewesha watu. Inasemwa kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa kwa sababu nafasi imekwisha. Si kweli. Aina ya mchezo inaweza kubadilika, mateke yakawa misukumo, lakini mtoto mwenye afya huendelea kucheza hadi uchungu unapoanza na hata wakati wa uchungu. Inasemwa pia kwamba mama anywe maji baridi au soda ili kumwamsha, kisha asubiri kesho. Mama asiye na uhakika anaweza kulala kwa ubavu wa kushoto na kutulia amsikilize mtoto. Lakini akishaona kweli amepunguza kucheza, safari ianze siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kwa mkoa wa Rukwa, neno hilo lina uzito wake. Anayekaa mjini Sumbawanga yuko karibu na hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliye Muze au Mtowisa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ana mteremko mrefu wa kupanda, na wa Wampembe au Kirando, pembeni mwa Ziwa Tanganyika, ana barabara yake ya kuhesabu, hasa masika. Aliye mbali ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutopoteza saa mbili akitafuta sauti kwenye kifaa. Baba na mama wakubaliane mapema nani atabaki na watoto, nani mwenye bodaboda au gari, na nauli iko wapi. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, iandikwe kwenye simu ya baba, ya mama mkwe na ya jirani.

Akifika kituoni, mama aseme moja kwa moja: "Shikamoo nesi. Mimba yangu ina wiki 34. Tangu jana jioni mtoto amepunguza kucheza." Sentensi hiyo inaeleweka kuliko kusema tu kwamba hajisikii vizuri. Asione aibu kurudi mara ya pili au ya tatu. Kama kuna damu, maji yamepasuka, kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, uso umevimba, au kuna degedege, asisubiri hata kidogo.

Hofu yenyewe nayo ni ya kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu wajawazito 16 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mama aliyewahi kupoteza mimba au mtoto aseme hivyo siku ya kwanza ya kliniki, iandikwe kwenye kadi, na aulize kama anaweza kuonwa mara nyingi zaidi. Shirika hilo lilipendekeza mwaka 2016 mahudhurio yasiyopungua 8. Anaweza pia kumwomba mkunga amsikilizishe mapigo anapopima. Pale kuna mtu wa kumweleza anachosikia. Mama asiyelala, asiyekula, au anayelia kila siku amwambie nesi hayo pia, si maumivu ya mgongo tu.

Na kama kifaa kimeshanunuliwa? Familia iweke sharti moja: kisitumike kamwe kuamua kama mama aende hospitali au abaki nyumbani. Siku mtoto anapopunguza kucheza, kibaki kabatini, na kinachochukuliwa ni kadi ya kliniki.