Mwanafunzi wa Sheria Aanzie Mahakama ya Mwanzo

Majuma machache yaliyopita mtumishi mmoja wa Serikali, mtu mzima mwenye heshima zake, alinisimamisha mlangoni mwa ofisi yake akaniuliza jambo. Binti yake amechaguliwa kusomea shahada ya sheria, na mzee yu tayari kukopa fedha ili amnunulie vitabu. Mkononi alikuwa na orodha aliyopewa na jirani: kamusi ya sheria ya Kiingereza, kitabu kinene cha mikataba kilichochapwa London, na kingine cha jinai cha huko huko. Nilimwomba asikope kwanza.

Swali lake huulizwa kila mwaka katika miezi iliyo kati ya mtihani wa Kidato cha Sita, unaomalizika Mei, na kufunguliwa kwa vyuo vikuu mnamo Oktoba au Novemba. Walimu ndio waulizwao zaidi, na jibu la wengi wao halitofautiani na la yule jirani: mtoto aanze kukariri mapema. Nilipokuwa chuoni nilikaa chumba kimoja na kijana aliyefika akiwa amekwisha kukariri maneno ya Kilatini yapatayo mia mbili. Aliyatamka hata usingizini. Muhula ulipokwisha alipata alama za kusikitisha, maana mhadhiri hakumwuliza maana ya neno hata moja. Alimpa kisa cha mtu aliyeuza gari bovu, akamtaka aeleze nani anamdai nani, na kwa sababu gani.

Huo ndio mwaka wa kwanza wa sheria. Katiba, mikataba, jinai na mbinu za sheria ni masomo mbalimbali kwa majina, lakini yote yanadai stadi moja: kusikiliza kisa kirefu chenye vurugu, kutenga lililothibitishwa na lililosemwa tu, kutambua swali hasa lililo mbele ya mahakama, kisha kulijibu kwa hoja. Kamusi haifundishi hayo. Mahakama ya Mwanzo inayafundisha kila siku ya kazi, bila ada, na kwa Kiswahili.

Katika kazi yangu ya uandishi nimekaa mara nyingi kwenye mabenchi ya mahakama hizo. Husikilizwa huko mashauri ya ndoa, mirathi, madeni na wizi mdogo mdogo. Shahidi huanza na mvua za mwaka juzi, akapita kwenye ugomvi wa shemeji yake, na baada ya nusu saa ndipo afike kwenye ng'ombe aliyepotea. Hakimu humwacha kidogo, humrudisha, huandika. Kijana anayekaa pale na daftari lake, akajaribu kuandika ukurasa mmoja wa yale yaliyothibitishwa, kisha akakisia hukumu kabla haijasomwa, atakuwa ameanza kusoma sheria. Akikisia vibaya ndiyo afadhali, kwa kuwa atataka kujua alikosea wapi.

Baada ya hapo asome hukumu moja nzima, polepole. Hukumu nyingi za mahakama zetu za juu zinapatikana bure katika mtandao wa TanzLII. Mimi ningempa ile ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Mama mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfikia, naye akiwa hana wa kumtunza, aliiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo alikwenda mahakamani kutaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa kanuni za urithi za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ilikataa. Shauri likapanda Mahakama Kuu.

Hapo kijana asimame, afunge ukurasa, ajiulize yeye angeamuaje. Kanuni ya mila ipo wazi, na mila si jambo la kudharau. Lakini Haki za Binadamu zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu Machi 1988 mahakama ziliweza kuzisimamia. Jaji aliona kwamba kumzuia mwanamke kuuza pale ambapo mwanamume angeweza ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Wala hakuuacha ukoo mikono mitupu: ulibaki na haki ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha zile 300,000, kama ambavyo ungeikomboa kwa mwanamume. Kijana akiielewa hatua hiyo ya mwisho, na kwa nini jaji hakuishia kusema tu "mila imeshindwa", atakuwa ameelewa jambo ambalo wenzake wengi watalifikia mwaka wa pili.

Wako watakaosema kwamba mihadhara mingi bado ni ya Kiingereza, hivyo Mahakama ya Mwanzo itamchelewesha. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna ubaya kunoa Kiingereza. Hukumu niliyoitaja yenyewe imeandikwa kwa lugha hiyo. Lakini Sheria ya Marekebisho Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikibaki kwa pale maslahi ya haki yanapodai. Mhitimu asiyeweza kumweleza shangazi yake, kwa Kiswahili fasaha, haki yake katika mirathi ya marehemu mumewe, huyo amesomea nani? Kitivo cha Sheria kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa, kikiwa na wanafunzi wasiozidi kumi na watano. Hakikuanzishwa ili kutoa wakalimani wa vitabu vya Uingereza.

Kwa hiyo mzee yule nilimshauri hivi. Binti apewe nakala ya Katiba ya mwaka 1977 kwa Kiswahili, aisome tangu utangulizi hadi ibara ya mwisho. Apewe daftari moja kubwa na nauli ya siku mbili kwa juma kwenda mahakamani. Kila Jumamosi jioni amsimulie baba yake shauri moja, na baba aulize maswali bila huruma. Mzee alicheka, akasema hilo la mwisho analiweza bila mkopo.