Si Mlima Uliokwisha, Ni Bei Iliyoanguka



Hapa Bugarama tunachimba mawe ya chokaa kwa ajili ya saruji, tunalima mpunga bondeni, na ndugu zetu wanachuma chai kule Shagasha. Gasegereti hatuchimbi. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya gasegereti, yaani mawe yanayotoa madini ya bati, kwa kuwa yaliyowapata wachimbaji wake yanaweza kumpata kila anayekula kwa kitu kinachotoka ardhini.

Mwaka 1973 iliundwa kampuni ya SOMIRWA, ubia wa serikali ya Rwanda na wenye mitaji wa Kibelgiji. Ilichimba Rutongo, Rwinkwavu na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapata kiwanda cha kuyeyusha bati huko Karuruma, karibu na Kigali. Siku zile bei ya bati duniani ilishikiliwa na Baraza la Kimataifa la Bati, lililonunua bati na kuliweka ghalani ili bei isishuke. Oktoba 1985 Baraza hilo likaishiwa na pesa. Soko la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikaanguka kwa karibu nusu. SOMIRWA ikafilisika mwaka huohuo. Maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi.

Je, mlima ulikuwa umekwisha? Hapana. Rutongo inachimbwa hata leo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme tani moja ya mwamba inatoa kilo 2 za gasegereti, na kuichimba, kuisaga na kuiosha kunagharimu faranga 16,000. Kilo ikiuzwa faranga 10,000, mwenye mgodi anapata 20,000. Mwamba huo huandikwa kwenye daftari lake kuwa akiba. Kilo ikishuka hadi faranga 7,000, anapata 14,000, na mwamba uleule unafutwa daftarini. Hakuna aliyeuiba. Kwa hiyo akiba ya madini haihesabiwi kwa mawe peke yake. Huhesabiwa kwa mawe, gharama na bei.

Wengine hudhani bei ikipanda, madini yatafurika mara moja. Sivyo. Kufungua mgodi huchukua miaka. Tena bei nzuri humruhusu mwenye mgodi kusaga mwamba hafifu, na kwa mashine zilezile tani zilezile za mawe hutoa madini machache zaidi. Tazameni madini ya fedha: Januari 1980 wakia moja ilikaribia dola 50, na Machi bei ikaporomoka. Migodi haikuweza kuifuata mbio hiyo, maana sehemu kubwa ya fedha hutoka pamoja na risasi, zinki, shaba na dhahabu. Mwenye mgodi wa shaba huitazama bei ya shaba kwanza.

Bei ikishuka, kuna hatari nyingine. Mwenye mgodi mwenye haraka huchota mwamba mnono tu na kuuacha ule hafifu. Mashimo yakijaa maji au kubomoka, mwamba ulioachwa unaweza usichimbike tena hata bei ikirudi. Hapo huwa amekula akiba ya watoto wetu.

Na bei hairudi kwa adabu. Machi 2022 tani ya bati ilipita dola 45,000. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya dola 20,000.

Nasi wa chokaa tusijidanganye. Jiwe la Bugarama lina thamani pale tu saruji yake inapoweza kulipa nishati ya tanuru na safari ndefu ya lori.

Kwa hiyo sendika idai mambo matatu. Kwanza, bei ya mali tunayoizalisha ibandikwe ukutani kila mwezi. Pili, miaka ya bei nzuri itengwe akiba ya kulipa mishahara na haki zetu siku ya kufunga, na michango ya uzeeni isicheleweshwe. Tatu, tukiambiwa kwamba mali imekwisha, tuonyeshwe hesabu: ni mawe yaliyokwisha, au ni bei iliyoanguka?

Mwenye mgodi huijua bei tangu asubuhi. Na sisi tuijue.