Institut si chuo kikuu: karatasi za wachezaji wetu ni kazi yetu

Katika wilaya za Masisi na Walikale shule nyingi za sekondari huitwa Institut. Mtoto anaingia Institut, anapita darasa la saba na la nane, anasoma miaka minne ya humanités, anafanya Exetat, anapata Diploma ya Serikali. Kila mmoja wetu anaijua njia hiyo. Lakini neno hilohilo limo pia katika jina la ISP, na ISP ni shule ya juu. Sisi hatuchanganyi. Msomaji wa mbali anaweza kuchanganya, na siku atakapochanganya, kijana wa basketi anaweza kucheleweshwa au kukataliwa kabla hajagusa mpira.

Ninasema kwamba kuzuia kosa hilo ni kazi ya kitivo chetu. Tumezoea kuona habari ya mchezaji anayekwenda chuo cha Marekani kuwa ya kocha na ya wakala: urefu wake, mikono yake, magoti yake. Mimi naona kwamba haki yake ya kucheza, na hata usalama wa mwili wake, hupita kwanza katika lugha.

Watoto wetu wanalijua jina la Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002. Alienda Marekani mwaka 2016, akasoma sekondari huko, wala hakupitia chuo kikuu. Mwaka 2020 alijiunga na Ignite, timu ya vijana iliyoundwa na ligi ndogo ya NBA, na mwaka 2021 Golden State ikamchagua akiwa wa 7. Mwaka uliofuata akawa bingwa. Lakini Ignite ilifungwa mwaka 2024. Kwa kijana anayemtazama Kuminga leo, njia pana iliyobaki Marekani ni ya chuo kikuu, na njia hiyo ina mlango wa karatasi.

Mlango huo unalindwa na NCAA, chama kinachoongoza michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Kijana hawezi kuchezea timu ya daraja la kwanza mpaka ofisi yake ya ukaguzi ipitishe alama zake za shule tangu mwaka wa tisa. Inataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4.0. Ule mtihani wa SAT au ACT uliowatisha wageni wengi uliondolewa katika masharti hayo Januari 2023, na hilo limezidisha uzito wa buletini. Karatasi isiyo ya Kiingereza lazima ije kama ilivyo, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa, mstari kwa mstari.

Tena kuna saa. Tangu mwanafunzi aanze mwaka wa tisa, masomo ya msingi huhesabiwa ndani ya miaka 4 mfululizo. Kwetu mwaka wa tisa ni wa kwanza wa humanités, kwa hiyo kwenye karatasi hesabu inalingana kabisa. Katika maisha ya Masisi hailingani. Vita vilifika Kitchanga Januari 2023, Rubaya mwisho wa Aprili 2024, Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi huohuo, Walikale-kati Machi. Mtoto aliyeanza humanités Septemba 2022 anaweza kuwa amekimbia mara mbili au tatu kabla ya kufika mwaka wa nne, na buletini zake zimebaki katika nyumba ambayo hakuirudia. Saa ya NCAA haiulizi alikimbia nini.

Hata hivyo mlango wa huruma upo. Chuo kinachomtaka kijana kinaweza kuiomba NCAA imsamehe sharti fulani, kikieleza yaliyompata. Ombi la namna hiyo linasimama juu ya ushahidi: barua ya prefe inayotaja tarehe ambazo shule ilifungwa, buletini zilizopatikana, maelezo ya zile zilizopotea. Mateso yasiyoandikwa hayaingii katika faili. Nani ataiandika barua hiyo kwa Kiingereza kinachosomeka, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza?

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hapo ndipo sisi tunapohusika. Katika sekretaria za mjini, pale tunapopiga fotokopi, buletini hufasiriwa na anayejua kupiga mashine, mara nyingi kwa msaada wa programu ya simu. Matokeo yanajulikana. Institut inabaki “institute”, na Collège inakuwa “college”, neno ambalo kwa Mmarekani ni chuo kikuu. Mkaguzi anaweza kudhani kijana amekwisha kusoma elimu ya juu, kwamba ni mchezaji anayehama kutoka chuo kingine, na kwamba miaka yake ya kucheza imeanza kuhesabiwa. Mtoto ambaye hajatoka sekondari anapewa maswali ya mtu anayehama.

Humanités nayo inageuka kuwa masomo ya fasihi na historia, hata kama kijana alisoma bio-kemia. Diploma ya Serikali ni cheti cha kumaliza sekondari, lakini hapo jirani Uganda diploma hupatikana baada ya sekondari. Chini ya buletini kuna mistari miwili, Application na Conduite. Wa kwanza ni bidii ya mwanafunzi, lakini kwa Kiingereza unaonekana kama ombi la kazi. Wa pili ni mwenendo wake, na mashine inaweza kuuletea neno la kuendesha gari.

Halafu kuna asilimia. Kwetu 50 ni kupita, 60 ni sifa, na 70 inafanya wazazi wachinje kuku. Katika shule nyingi za Marekani mwenye chini ya 60 ameanguka. Mfasiri hana ruhusa ya kugeuza 62 kuwa alama nyingine. Hiyo ingekuwa udanganyifu. Anaweza kuambatanisha maelezo ya kipimo chetu, yakiwa mbali na tafsiri. Kufasiri ni kazi moja na kueleza ni nyingine, na tofauti hiyo tunafundishwa hapahapa.

Mfano mkubwa tunao. Dikembe Mutombo alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo wa USAID, akitaka kuwa daktari. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Msimu wa 1987-88 hakuchezea timu ya chuo. Alikaa darasani kujifunza lugha. Alipomaliza mwaka 1991 alikuwa na shahada ya isimu na diplomasia. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, redio zilitaja mipira aliyoizuia na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Wachache walikumbuka kwamba alikuwa mwenzetu wa isimu. Lakini alifika akiwa na miaka 21. Leo kijana wa umri huo angeulizwa alicheza wapi tangu amalize sekondari, kwa sababu sasa anayecheza katika mashindano zaidi ya mwaka 1 baada ya kumaliza anaweza kupunguziwa misimu. Jibu lake nalo lingetakiwa kwa maandishi.

Wa pili ni Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Alianza katika chuo cha West Virginia mwaka 2019, akaondoka katikati ya msimu, na Januari 2021 akahamia Kentucky. Miezi iliyobaki hakucheza mechi. Alifanya mazoezi na timu mpya. Msimu wa 2021-22 akapata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote. Tangu Aprili 2024 kanuni imelegea zaidi: mchezaji anaweza kuhama mara nyingi na kucheza bila kungoja, mradi masomo yake yako sawa. Wengi walisikia sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Ya pili ndiyo inayofunga watu. Mwanafunzi wa daraja la kwanza anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake baada ya miaka 2, 60 baada ya 3, na 80 baada ya 4. Anayehama huku na huku akipoteza masomo njiani atakuwa na mguu mzuri na faili mbovu.

Mtu ataniambia: mwili je? Huo angalau ni wa makocha. Nao pia nimeukuta umefungwa na maneno.

Miongozo ya afya ya NCAA inataka mchezaji mpya, au aliyekaa muda bila mazoezi, aongezewe mzigo polepole katika siku za mwanzo. Kijana aliyeishi kambini miezi minane, akila mara moja kwa siku, anahitaji utaratibu huo kuliko yeyote. Lakini mwandalizi wa mwili atajuaje, kama karatasi inasema “mwanafunzi wa sekondari, afya nzuri” na mwenyewe hawezi kusimulia? Kwetu ni aibu kusema njaa. Atanyamaza na kukimbia.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2006 mchezaji mmoja wa chuo cha Rice, Dale Lloyd II, alianguka baada ya mazoezi makali akafa. Alikuwa na chembe moja ya kurithi ya selimundu, ile hali ambayo hospitalini kwetu huandikwa AS. Tangu mwaka 2010 NCAA imedai wachezaji wa daraja la kwanza wajulikane hali yao. Mwenye AS si mgonjwa kama mwenye SS, wala hakatazwi kucheza. Lakini akisukumwa kupita kiasi bila kupumzika, chembe zake nyekundu zinaweza kubadilika umbo na kuziba damu katika misuli. Dalili zake ni udhaifu na maumivu ya miguu, ambavyo kocha anaweza kuvichukua kama uvivu au uchovu wa kawaida. Kongo tunao watu wengi wenye AS. Kijana wetu anayejua neno moja tu la Kiingereza la kusema “nimechoka” yuko hatarini. Anahitaji kuweza kusema: miguu haina nguvu, sikazwi na misuli, siwezi kuendelea. Sentensi tatu tu, na hakuna mtihani wetu wa Kiingereza unaozidai.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza: ni wangapi watakaofika huko? Wachache sana, nakubali, na anayewaahidi watoto wa Nyabiondo kwamba kila mrefu atakuwa Kuminga anawadanganya. Lakini buletini iliyofasiriwa sawasawa haibagui. Mkimbizi aliye Nakivale anaihitaji ili aendelee na shule ya Uganda. Msichana anayeomba msaada wa masomo Nairobi anaihitaji vilevile. Basketi inatuonyesha tu haraka hasara ambayo wengine wanaipata kimyakimya.

Ya pili ni nzito: karatasi za uongo. Ni kweli kwamba umri wa wachezaji wa Afrika hutiliwa shaka, na Bismack Biyombo, naye wa Lubumbashi, aliulizwa hivyo kabla ya kuchaguliwa na NBA mwaka 2011. Wapo vijana walio tayari kujikata miaka. Kwa sababu hiyohiyo kazi inahitaji watu wenye kanuni. Mfasiri huandika tarehe anayoiona, hata ikimwumiza mwenye karatasi. Akiona mbili zinazopingana, anaandika zote mbili. Anayetaka miaka ipunguzwe aambiwe hapana mlangoni. Na tumkumbushe kwamba mtu wa miaka 23 anayejiita wa 18 anapangiwa mazoezi ya mwili asio nao.

Kwa heshima ya walimu wetu, naomba mambo matatu. Kwanza, kitivo kitunge kamusi ndogo ya maneno ya buletini kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, ikieleza ngazi za shule zetu na kipimo cha alama, nayo igawiwe kwa maprefe wa Masisi na Walikale. Pili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wafanye sehemu ya staji yao katika meza ya tafsiri: mwanafunzi aandae, mwalimu asahihishe, mfasiri aliyeapishwa athibitishe. Tatu, TFC juu ya kazi hiyo ikubaliwe kama TFC kamili. Tunazo za kutosha juu ya riwaya za Kiingereza ambazo hazipatikani katika maktaba yetu, na karibu hatuna juu ya karatasi zilizomo katika mifuko ya ndugu zetu.

Gharama ni ndogo: meza, kompyuta moja, saa chache za mwalimu kwa wiki. Kamusi inaweza kuanza bila hata hivyo, kwa kukusanya buletini za wanafunzi wa kitivo wenyewe, kila mmoja alete ya shule yake. Za Masisi na Walikale ziwe za kwanza, kabla hazijapotea nyingine.