Mtoko wa Dar: ofa zimejaa, lakini punguzo la kweli liko wapi?

Ikifika Alhamisi jioni, Instagram na magrupu ya WhatsApp ya Dar es Salaam huanza kujaa mabango. Sinema nusu bei. Bwawa la kuogelea, watoto bure. Kina dada bila kiingilio hadi saa nne usiku. Boti na chakula kwa bei moja, "ofa ya wikiendi hii tu".

Jiji lina watu wa kuyasoma. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao ni vijana wenye simu mkononi na hamu ya kula bata kidogo baada ya wiki ndefu ya foleni na kazi.

Swali ni moja tu: anayefuata ofa, je, jioni anarudi na pesa nyingi zaidi mfukoni kuliko kama asingeifuata? Mara nyingi jibu ni hapana. Ofa nyingi hupunguza bei ya mlangoni, wakati gharama kubwa ya mtoko wa Dar iko njiani na mezani. Na mapunguzo makubwa zaidi jijini hayana bango kabisa.

Tiketi ni mwanzo tu

Chukua mfano. Familia ya watu wanne inaishi Tandika na imeona ofa ya sinema upande wa Mwenge. Tuseme tiketi ya 10,000 inauzwa 5,000. Kwa watu wanne wameokoa 20,000. Si haba.

Sasa njoo kwenye nauli. LATRA ilipopandisha viwango Desemba 2023, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 hadi 600. Kwa kiwango hicho, mtu anayeunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi anatumia 2,400. Watu wanne, kila mmoja na siti yake, ni 9,600. Karibu nusu ya punguzo imeshaondoka.

Filamu ikiisha saa nne usiku, hakuna mzazi anayetaka kusimama kituoni na watoto wanaosinzia. Inaitwa bajaji au gari la mtandaoni, na nauli inapanda mara kadhaa. Weka na bisi na soda za mle ndani, ambako chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Ile 20,000 imeisha kabla hawajafika nyumbani.

Hakuna aliyedanganywa hapo. Tiketi kweli ilikuwa nusu bei. Ila waliopanga bajeti kwa kuangalia tiketi peke yake ndio wanaoshangaa Jumatatu.

"Kiingilio kinywaji chako"

Maneno haya kila mpenda mtoko wa Dar anayajua. Mlangoni hulipi kitu, ila lazima ununue kinywaji. Kwenye hoteli za ufukweni kuna ndugu yake: unalipa kiingilio, unapewa kuponi, na kuponi hiyo unaitumia kwa chakula au vinywaji.

Vyote viwili si punguzo. Ni kulipa mapema. Kama ulikuwa umepanga kula pale, sawa, hujapoteza kitu. Kama ulitaka tu watoto waogelee na mle ugali nyumbani, umelazimika kununua chakula ambacho hukukihitaji, kwa bei ya hoteli. Na kuponi ikiwa ndogo kuliko sahani ya bei ya chini kabisa kwenye menyu, utaongeza pesa juu yake. Ndivyo ilivyopangwa.

Kwa hiyo kabla ya kufurahia neno "bure", uliza bei ya soda na bei ya chipsi. Hizo mbili zinakuambia kiingilio halisi ni kiasi gani.

Siku ndiyo bei

Kwa nini ofa zinakuwepo? Siti tupu ya leo haiwezi kuuzwa kesho. Ukumbi wa sinema unawasha taa, kiyoyozi na projekta hata wakiingia watu kumi na wawili. Hoteli inasafisha bwawa hata kama hakuna anayeogelea. Kwa mwenye biashara, mteja wa nusu bei siku mbovu ni bora kuliko hewa.

Ndiyo maana ofa za kweli hukaa kwenye siku ambazo watu hawatoki: Jumatatu hadi Alhamisi, katikati ya mwezi mishahara ikiwa imekauka, Januari wazazi wakihangaika na ada, na kipindi cha masika ambapo hoteli nyingi za pwani hushusha bei zake. Kinyume chake, wikiendi ya mshahara, Idi, Krismasi na mwaka mpya, mlango umejaa wenyewe. Anayetangaza "punguzo kubwa" Boxing Day anastahili kuulizwa: bei ya wiki iliyopita ilikuwa ngapi?

Mtu mwenye ratiba inayobadilika anaweza kuutumia mwanya huu vizuri. Kuhamisha mtoko wa Jumamosi kwenda Jumatano kunaweza kuokoa zaidi ya kuponi yoyote, maana hata foleni inapungua.

Mapunguzo yasiyo na bango

Kuna punguzo ambalo kila Mtanzania analo na wengi hawalihesabu: bei ya mwananchi. Makumbusho ya taifa, hifadhi za taifa na maeneo tengefu ya bahari hutoza viwango tofauti, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Beba kitambulisho.

Makumbusho ya Taifa katikati ya jiji, yaliyofunguliwa 1940, ndiyo yanayohifadhi fuvu maarufu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mgeni anakata tiketi ya ndege kuja nchini kuliona. Mkazi wa Kimara anapanda mwendokasi, anashuka mjini na kutembea. Bustani ya mimea iko jirani hapo hapo. Ukiendelea hadi Kivukoni, soko la samaki la Feri liko karibu na kivuko cha Magogoni, ambacho kwa miaka mingi kimemvusha mtembea kwa miguu kwenda Kigamboni kwa shilingi 200. Huo ni mtoko wa siku nzima ambao hakuna ukurasa unaoulipia matangazo.

Kwa wapenda bahari, Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu tangu 1975. Huko gharama kubwa kwa raia huwa ni boti, na dawa yake ni idadi ya watu. Boti iliyokodiwa nzima na watu kumi inamgharimu kila mmoja kidogo kuliko ya watu wanne. Kikundi cha kazini au cha mtaa kinapata hapo punguzo bila kumwomba mtu.

Kisha kuna treni. SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, nauli ya kawaida iliwekwa 13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 wakilipa nusu na walio chini ya miaka minne wakisafiri bure. Rudi kwa familia yetu ya Tandika, watoto wawili wenye umri wa shule ya msingi. Kwenda na kurudi kwa viwango hivyo ni 78,000, badala ya 104,000 kama wote wangelipa nauli kamili. Punguzo ni 26,000, kubwa kuliko lile la sinema. Safari yenyewe ni ghali zaidi, ndiyo, na si ya kila mwezi. Lakini hilo ni punguzo lililoandikwa kwenye viwango rasmi, halimalizi muda wake Jumapili usiku.

Nani hasa anaipata ofa?

Hapa ndipo kwenye ukakasi. Ofa ya Jumanne saa nane mchana inamfaa mwanafunzi wa chuo au aliyejiajiri mwenye uhuru na muda wake. Haimfai muuzaji wa duka Kariakoo anayefunga usiku, wala dada wa kazi mwenye Jumapili moja ya mapumziko kwa mwezi.

Ofa za kadi ya benki zinamfaa mwenye akaunti na kadi hiyo. Ofa za tiketi za mapema zinamfaa mwenye pesa ya ziada leo kwa ajili ya tamasha la mwezi ujao. Hata kuiona tu ofa kunahitaji bando na muda wa kuperuzi. Mwisho wa siku, anayepata punguzo mara nyingi ni yule ambaye angeweza kulipa bei kamili, na yule aliyelihitaji anatoka siku ya sikukuu, bei ikiwa juu.

Kabla hujatuma pesa

Msako wa ofa umewavutia na matapeli. Mbinu yao ni ile ile: ukurasa wenye picha nzuri za hoteli, bei ya kushangaza, muda mfupi wa kuamua, na namba binafsi ya kutumia pesa. Ukifika getini unaambiwa hawakujui.

Hatua tatu zinapunguza hatari ya kupigwa. Kwanza, piga simu sehemu yenyewe kwa namba uliyoipata kwingine, si ile iliyoko kwenye bango. Pili, lipa kwa lipa namba ya biashara, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la mtu badala ya biashara ni sababu ya kusimama. Tatu, piga picha ya skrini ya tangazo pamoja na masharti yake. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa namba 15040.

Na kama biashara ni halali ila bei ya mlangoni si ile iliyotangazwa? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu hilo. Vilevile, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kunadiwa kwa fedha za kigeni. Bango la mtoko wa siku ufukweni lenye alama ya dola halipaswi kuwepo tena. Dai bei ya shilingi.

Bahari ya wote

Nyuma ya msako wote huu kuna jambo kubwa kuliko kuponi. Dar ni jiji la pwani, na starehe yake ya asili ilikuwa bure: kushuka baharini. Leo kutoka Mbezi Beach hadi Kunduchi, njia ya kupita kati ya kuta za nyumba na hoteli hadi kwenye maji ni ya kutafuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini mita hizo hazimsaidii mtu asiyeweza kuzifikia. Kila njia inayozibwa inaongeza mteja kwenye geti la kulipia.

Ndiyo maana Coco Beach hufurika kila sikukuu. Hakuna geti. Familia inakuja na ndoo ya wali, inaongeza mihogo ya kukaanga na pilipili, watoto wanacheza kwenye mchanga hadi giza. Gharama ni nauli na mihogo, basi.

Mamlaka za jiji zikitaka kupunguza gharama ya mapumziko kwa wakazi, hazihitaji kuanzisha programu ya kuponi. Zinaweza kuanza kwa kulinda njia za kwenda ufukweni, kuweka taa na vyoo safi katika maeneo ya wazi, kutenga siku ya kiingilio nafuu kwenye makumbusho angalau mara moja kwa mwezi, tena wikiendi, na kuhakikisha mabasi yapo saa nne usiku siku za sikukuu. Hilo la mwisho peke yake lingeirudishia familia ya Tandika sehemu kubwa ya ile 20,000.

Hadi hapo, anayepanga mtoko wa wikiendi hii anaweza kuandika namba nne kwenye simu kabla ya kubonyeza "lipa": nauli ya kwenda, nauli ya kurudi usiku, bei ya chakula cha huko, halafu tiketi. Jumla ya hizo nne ndiyo bei ya mtoko. Bango linaonyesha moja tu.