Kutabirika kwa Msuko na Uzuri wa Picha: Maoni Kuhusu Hukumu za Watazamaji wa Filamu ya Avatar

Tangu filamu ya Avatar iliyoongozwa na James Cameron ianze kuonyeshwa mwezi Desemba 2009, hukumu moja imerudiwa na watazamaji wa nchi nyingi hata ikawa kama kiitikio: picha zake ni za ajabu, lakini hadithi yake inajulikana kabla haijasimuliwa. Hukumu hiyo hutolewa na mtazamaji wa kawaida anapotoka ukumbini, na ilitolewa na wahakiki wengi magazetini. Mwanafunzi wa fasihi akiitafsiri kwa istilahi alizozizoea, hupata sentensi iliyo tayari kabisa kuandikwa katika insha: fani imefaulu, maudhui yamefeli. Ni kana kwamba kazi ya sanaa ni mtihani wenye karatasi mbili, na atakayepata alama nyingi katika ya kwanza husamehewa ya pili. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, ila imeelekezwa mahali pasipo pake, na kwamba kwa kuielekeza huko watazamaji wamelipa nafuu jambo lililostahili kuulizwa zaidi katika filamu hiyo.

Kwa faida ya asiyeiona, msuko wake ni huu. Katika mwaka 2154 Jake Sully, askari wa zamani wa kikosi cha wanamaji aliyepooza miguu, anapelekwa Pandora, mwezi ulio mbali katika mfumo wa nyota wa Alpha Centauri. Kampuni ya wanadamu inachimba huko madini ya bei kubwa mno, na akiba iliyo nono kuliko zote imo chini ya mti mkubwa wanamoishi watu wa Na'vi wa ukoo wa Omatikaya. Kwa kuwa mwanadamu hawezi kuvuta hewa ya Pandora, wanasayansi wameunda miili mfano wa ile ya wenyeji, inayoendeshwa na akili ya mtu aliyelala ndani ya sanduku. Jake anaingia katika mwili wa namna hiyo ili awapeleleze wenyeji, anafundishwa na Neytiri, binti wa mkuu wa ukoo, anampenda, anahama upande, na hatimaye anawaongoza wenyeji kuwafukuza wachimbaji. Mtazamaji aliyekwisha kuona Dances with Wolves ya mwaka 1990, au hata Pocahontas ya mwaka 1995 waliyotengenezewa watoto, anaweza kuyapanga matukio yaliyosalia akiwa hajamaliza nusu saa ya kwanza, na filamu nzima ina dakika 162.

Kuhusu picha hapana ubishi. Misitu inayong'aa usiku, milima inayoelea hewani, nyuso za Na'vi zinazoonyesha haya na hasira kwa namna ambayo picha za kompyuta hazikuwa zimeiweza kabla ya hapo, yote hayo yalitazamwa kwa miwani ya pande tatu na watu wengi kiasi kwamba Avatar ikawa filamu ya kwanza kuingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Hata lugha ya wenyeji haikuokotwa ovyo. Iliundwa na mwanaisimu Paul Frommer, ikapewa sarufi yake. Katika tuzo za Oscar za mwaka 2010 filamu hii ilipata tatu: ya upigaji picha, ya usanifu wa mandhari, na ya ufundi wa picha maalumu. Tuzo ya filamu bora ikaenda kwa The Hurt Locker. Wapiga kura wa Hollywood, kwa maneno mengine, walitoa hukumu ile ile ya mtazamaji wa kawaida.

Sasa na iulizwe: kutabirika ni kosa tangu lini? Anayelalamika kwamba alijua mwisho anaipima hadithi kwa taharuki peke yake. Kipimo hicho kina nchi yake na zama zake, nacho kinafaa sana riwaya ya upelelezi. Katika fasihi ya Kiswahili kimekuwa mgeni kwa muda mrefu. Msikilizaji wa ngano ya sungura na fisi hajapata kushangaa fisi anapodanganywa. Hadhira ya Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, ilijua kabla ya ubeti wa kwanza ni jeshi lipi litakaloshinda, na haikuondoka. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, ambamo filamu za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na mtu mwenye kipaza sauti, ilikuwa kanuni inayofahamika na kila mtoto kwamba steringi hafi. Watu walilipa kiingilio hivyo hivyo, wakakaa juu ya mabenchi katika joto kali, ili waone ni vipi hatakufa.

Mfano ulio mzito zaidi ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anapojitetea barazani anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao pande sita. Mjumbe wa kwanza anarudi na maarifa yenye manufaa, anafungwa. Wa pili anarudi, anafungwa. Atakapotajwa wa tatu hakuna msomaji anayebahatisha tena. Mhakiki mwenye haraka anaweza kusema kwamba hapa mwandishi aliishiwa na mbinu. Lakini kujirudia huko ndiko hasa shitaka la Karama dhidi ya nchi yake: msomaji analazimishwa kuujua mwisho wa kila mjumbe kabla mjumbe hajaondoka, kama walivyoujua raia wa Kusadikika wenyewe. Kutabirika kumegeuzwa kuwa hoja. Taharuki imehamishwa ikawekwa mahali pengine, katika swali la iwapo wasikilizaji barazani watatambua kile ambacho msomaji amekwisha kukitambua.

Kwa hiyo asemaye kwamba msuko wa Avatar unatabirika hajasema bado lolote juu ya ubaya wake. Amesema tu kwamba unafanana na misuko mingine. Kazi ya uhakiki inaanzia hapo: kutabirika huko kunafanya kazi gani ndani ya filamu, na kwa faida ya nani?

Jibu la sehemu ya kwanza linauondoa pia ule mgawanyo wa fani na maudhui, ambao wanafunzi huutumia kama panga la kukatia muwa. Cameron alikuwa na ulimwengu mzima wa kuonyesha, na jicho la mtazamaji haliwezi kufanya kazi mbili ngumu kwa wakati mmoja. Msuko uliozoeleka unamwachia mtazamaji nafasi ya kutazama. Hahitaji kujiuliza nani ni nani, basi anageuza uso aangalie jani linalofumba linapoguswa. Zaidi ya hayo, Jake aliyelala ndani ya sanduku, asiyeweza kutembea, akapewa kwa njia ya mitambo mwili wa kukimbilia katika msitu mgeni, ni picha halisi ya mtazamaji mwenyewe, aliyekaa kitini gizani akiwa amevaa miwani. Hata maamkizi ya Na'vi yanatumia kitenzi cha kuona. Filamu hii inazungumzia kutazama, na inatazamisha. Kusema kwamba picha zake ni kitu kimoja na hadithi yake ni kitu kingine ni kukosa kuitazama.

Lakini kama picha na hadithi ni kitu kimoja, basi aibu ya hadithi haiwezi kufichwa nyuma ya picha. Hapa ndipo walipo watazamaji wengine, wachache kuliko wale wa kwanza, ambao lalamiko lao lina uzito: kwamba wenyeji wa Pandora, pamoja na ujuzi wao wote, hawakuweza kujiokoa mpaka alipotokea mgeni wa miezi mitatu akawashinda katika mambo yao wenyewe. Lalamiko hilo kwa kawaida hutolewa kwa jumla, kama jambo la itikadi. Ushahidi wake, hata hivyo, umo katika fani, na unaonekana vizuri zaidi mtu akiyalinganisha matukio mawili.

Tukio la kwanza ni lile la Jake kumfuga ikran, mnyama arukaye ambaye kila kijana wa Na'vi humpanda ili ahesabiwe kuwa mwindaji. Filamu inalionyesha kwa kirefu mno. Mtazamaji anaona mwamba, kamba, mieleka, kuanguka, hofu, na kuruka kwa mara ya kwanza. Tukio la pili linakuja baada ya mti wa ukoo kuangushwa na Jake kukataliwa kuwa msaliti. Ili arudishe imani ya watu anaamua kumpanda toruk, mnyama mkubwa kuliko wote wa angani, ambaye tangu zama za mababu wa Na'vi amepata kupandwa mara tano tu. Jake anaruka kutoka juu kumwendea, kisha picha inakatwa. Tunakutana naye tena akitua mbele ya watu waliopiga magoti. Filamu ambayo kwa zaidi ya saa moja na nusu haikuacha kumwonyesha mtazamaji hata ukungu wa asubuhi, imeficha tendo pekee linalomfanya mgeni kuwa kiongozi.

Ufundi wa kompyuta ulikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichofanya tukio hilo lisihitajike kuonyeshwa ni mazoea ya mtazamaji: amekwisha kuona mara nyingi mno mgeni akiwashinda wenyeji kwa jambo lao, hata haombi ushahidi. Na kama tendo lenyewe ni rahisi kiasi hicho, kumrukia mnyama kwa juu kwa kuwa hana desturi ya kutazama juu, mtu anaweza kuuliza kwa nini Tsu'tey, mrithi wa ukoo na mpandaji hodari tangu ujana, hakulifikiria. Swali hili halina jibu ndani ya filamu. Tsu'tey anatafsiri hotuba ya Jake kwa watu wake mwenyewe, kisha anakufa vitani.

Watetezi wa filamu wana hoja, na inafaa isikilizwe. Wanakumbusha kwamba vita vya mwisho Jake anavishindwa. Wanyama wa Pandora ndio wanaogeuza mambo, na anayemwua Kanali Quaritch ni Neytiri, kwa mishale yake. Ni kweli. Ukombozi wa Jake mwenyewe unatoka mikononi mwa mwanamke wa Na'vi anayeubeba mwili wake dhaifu wa kibinadamu kama mtoto, na huenda hiyo ndiyo picha bora kuliko zote katika filamu nzima. Ila wanyama wale wanakuja baada ya Jake kuomba dua mbele ya mti mtakatifu. Hata mungu wa wenyeji amesubiri kuombwa na mgeni.

Katika miaka iliyofuata ilisemwa sana kwamba filamu hii imesahauliwa, kwamba hakuna anayekumbuka hata majina ya wahusika wake. Filamu ya pili ilipotoka Desemba 2022, nayo ikalaumiwa kwa sababu ile ile na kusifiwa kwa sababu ile ile, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.3. Aliyetabiri kwamba msuko unaotabirika haudumu, utabiri wake ndio haukudumu.

Kuna watazamaji ambao maoni yao hayakuhesabiwa katika mjadala huu wa picha na msuko. Mwezi Februari 2010 waandamanaji katika kijiji cha Bil'in, Palestina, walijipaka rangi ya buluu wakavaa kama Na'vi, wakatembea kuelekea ukuta uliojengwa katika ardhi yao. Mwaka huo huo, shirika linalotetea watu wa asili lilichapisha tangazo katika gazeti la Variety kwa niaba ya Wadongria Kondh wa milima ya Niyamgiri, jimbo la Odisha nchini India, likimwomba Cameron awasaidie, kwa kuwa kampuni ya Vedanta ilitaka kuchimba boksiti katika mlima wanaouabudu. Kwa watu hawa kujua mapema kitakachotokea hakukuwa dosari ya kisanaa. Waliujua msuko kwa sababu umetendeka, nao walikuwa ndani yake. Aliyechoshwa na kujirudia kwake alikuwa mtazamaji aliyekaa nje.

Jambo lisilotabirika lilikuwa mwisho. Mwezi Agosti 2010 serikali ya India iliunyima mradi ule kibali. Kesi ikaendelea, na mwaka 2013 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamuru kwamba wenyeji waulizwe wenyewe kupitia mabaraza ya vijiji vyao. Vijiji vilivyochaguliwa vilikuwa 12, baadhi yake vidogo sana, vya kaya chache tu. Wageni walisaidia, ikiwa ni pamoja na wale waliolilipia tangazo, lakini hakuna aliyewatangulia wenyeji barazani. Mkutano mmoja ulifanyika baada ya mwingine katika miezi ya Julai na Agosti, na vijiji vyote 12 vilikataa.